Mrabaha wa Asilimia 3.5: Hesabu Iliyowagawa Wanunuzi wa Hisa za Rambus

Mwishoni mwa mwaka 1996 Intel, ambayo prosesa zake zilikuwa ndani ya kompyuta nyingi kuliko za mshindani yeyote, iliingia mkataba na kampuni ndogo ya California iitwayo Rambus. Rambus haikuwa na kiwanda na haikutengeneza chipu hata moja. Ilianzishwa mwaka 1990 na Mike Farmwald pamoja na Mark Horowitz, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford. Bidhaa yake ilikuwa michoro na hataza: namna ya kuunda kumbukumbu ya kompyuta yenye kasi, ambayo wenye viwanda wangeitengeneza kwa leseni na kulipa mrabaha kwa kila chipu waliyouza. Intel ilikubali kuifanya kumbukumbu hiyo, RDRAM, kuwa mrithi wa kumbukumbu zilizokuwa zikitumika. Ndani ya mkataba kulikuwa na takrima. Iwapo kwa robo mbili za mwaka mfululizo angalau 20% ya chipseti za Intel, yaani chipu zinazounganisha prosesa na kumbukumbu, zingekuwa za kutumia RDRAM, Intel ingepata haki ya kununua hisa milioni 1 za Rambus kwa dola 10 kila moja.

Sharti hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko lilivyoonekana. Anayeamua kompyuta itumie kumbukumbu gani ni mwenye chipseti, na sasa mwenye chipseti alikuwa na sababu ya kifedha ya kuipendelea kumbukumbu moja.

Mei 1997 Rambus iliingia sokoni kwa dola 12 kwa hisa, na siku hiyo hiyo soko lilifungwa hisa ikiwa karibu dola 30. Machi 2000 ilivuka dola 400. Hisa zote zilikuwa karibu milioni 24, kwa hiyo soko lilikuwa likisema kwamba kampuni ya wafanyakazi kama 200 ina thamani inayokaribia dola bilioni 10. Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2000, mapato yake yalikuwa dola milioni 72. Gawanya, utaona wanunuzi walilipa zaidi ya dola 130 kwa kila dola 1 ya mauzo. Hapo faida bado hatujaigusa.

Walionunua hawakuwa wajinga, na hesabu yao inastahili kuandikwa kwa haki. Mauzo ya kumbukumbu za aina ya DRAM duniani mwaka 2000 yalikuwa kama dola bilioni 30. Mrabaha wa 2% juu ya mauzo hayo ni dola milioni 600 kwa mwaka. Kwa kuwa Rambus haikuwa na kiwanda wala haikununua malighafi, sehemu kubwa ya fedha hizo ingebaki mfukoni. Kwa kampuni inayoweza kubakiza dola milioni 300 au 400 kila mwaka, tena bila kuongeza mtaji, bilioni 10 si bei ya kichaa. Hesabu hiyo ilitaka mambo mawili tu: RDRAM ichukue soko lote, na wenye viwanda wakubali kulipa.

Wapinzani waliona matatizo katika yote mawili, na kwa miaka mitatu kambi hizi ziligombana kwa ukali ambao kwa kawaida huonekana kwenye mpira na siasa.

Tuanze na kasi, maana ndiko upande wa Rambus ulikoanzia kila mara. Kumbukumbu ya kawaida ya wakati ule, SDRAM ya daraja la PC133, ilikuwa na njia 64 za data, na kila njia ilipitisha biti mara milioni 133 kwa sekunde. Zidisha, gawanya kwa 8 upate baiti: gigabaiti 1.06 kwa sekunde. RDRAM ilitumia njia 16 tu, lakini kila moja ilipitisha biti mara milioni 800 kwa sekunde, jumla gigabaiti 1.6. Badala ya wapagazi 64 wanaotembea, ulichukua 16 wanaokimbia, na mzigo ukafika ukiwa mkubwa zaidi kwa nusu. Njia zikiwa chache, ubao wa kompyuta unakuwa rahisi kuchorwa. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilitumia kumbukumbu ya Rambus kwa sababu hiyo, na PlayStation 2 ya mwaka 2000 ikafuata kwa megabaiti 32 zilizopitisha gigabaiti 3.2 kwa sekunde.

Ila wanaokimbia hutoka jasho. Chukua kipande kimoja cha RDRAM mkononi, kile kilichoitwa RIMM, ukilinganishe na kipande cha SDRAM. Chipu za SDRAM unaziona zikiwa wazi kwenye ubao wake. RIMM imevikwa bamba la chuma pande zote, kwa sababu chipu moja ikifanya kazi peke yake inapata moto mahali pamoja, na joto hilo lazima lisambazwe. Halafu kuna jambo lililowaudhi mafundi: mawimbi ya umeme ya RDRAM yalipita kwenye vipande vyote kwa mfululizo, kimoja baada ya kingine, hadi mwisho wa njia. Nafasi ikiachwa tupu, njia imekatika na kompyuta haiwaki. Kila nafasi isiyo na kumbukumbu ilibidi izibwe kwa kipande bandia kisicho na chipu hata moja, kazi yake ikiwa kuunganisha tu. Mteja alinunua ubao wa plastiki na shaba usiohifadhi chochote.

Bei ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. RDRAM ilipofika madukani mwishoni mwa 1999, iliuzwa mara kadhaa ya bei ya SDRAM ya ukubwa uleule. Watetezi walisema bei itashuka uzalishaji ukikua, na kwa jumla hiyo ni kweli kwa chipu zote. Lakini chipu ya RDRAM ilikuwa kubwa kuliko ya SDRAM yenye uwezo uleule, kwa hiyo kisahani kimoja cha silikoni kilitoa chipu chache. Kasi yake ilihitaji mashine mpya za kupimia. Chipu nyingi zilishindwa kufikisha kasi ya juu, zikauzwa kwa daraja la chini. Juu ya yote hayo, mrabaha. Intel ilijaribu kuwasukuma wenye viwanda kwa fedha: dola milioni 500 iliziwekeza Micron mwaka 1998, na milioni 100 Samsung mwanzoni mwa 1999. Samsung ilizalisha kweli. Micron ilipokea fedha, kisha ikaendelea kuuza SDRAM na kuipigania DDR.

DDR ndiyo iliyoharibu hesabu za Rambus. Wazo lake halina urembo wowote: chukua SDRAM ileile, njia zilezile 64, ila ipitishe data mara mbili kwa kila pigo la saa. PC133 yenye gigabaiti 1.06 ikawa na mwenzake wa gigabaiti 2.1. Mashine za kiwandani zilikuwa zilezile, mafundi walewale, na gharama ya ziada kwa chipu ndogo mno. AMD ilikuwa na chipseti ya DDR kwa prosesa za Athlon mwishoni mwa 2000, na kampuni ya VIA ya Taiwan iliuza chipseti zake kwa kila aliyechoka kuisubiri Intel.

Na kulikuwa na la kusubiri. Septemba 1999 Intel iliahirisha chipseti yake ya 820 siku chache kabla ya kuizindua, baada ya kugundua kwamba mbao zenye nafasi tatu za RIMM zinakosea data. Ilitoka Novemba ikiwa na nafasi mbili. Ili kuwaridhisha walioona RDRAM ni ghali, Intel ikatengeneza chipu ya kutafsiri ili 820 itumie SDRAM ya kawaida. Chipu hiyo nayo ikawa na kasoro. Mei 2000 Intel ililazimika kuita mbao zilizokwishauzwa, na hasara yake ikapita dola milioni 200. Mteja aliyenunua kompyuta ya SDRAM ili kukwepa bei ya RDRAM alipewa ubao mpya pamoja na RDRAM ya bure. Sijui kama kuna njia ya aibu zaidi ya kugawa sampuli. Oktoba mwaka huohuo mkuu wa Intel, Craig Barrett, aliliambia gazeti la Financial Times kwamba dau kubwa waliloliweka kwa Rambus halikufanikiwa.

Hata hivyo mkataba ni mkataba. Pentium 4 ilipotoka Novemba 2000, chipseti yake ilikubali RDRAM pekee, na Intel ikafungasha vipande viwili vya megabaiti 64 ndani ya boksi la prosesa ili wauzaji wasikimbie. Kwa haki ya ufundi, mashine hiyo ilikuwa nzuri: vipande viwili kwa pamoja vilitoa gigabaiti 3.2 kwa sekunde, sawasawa na uwezo wa Pentium 4 kuvipokea. Tatizo lilikuwa malipo. Septemba 2001 Intel ikatoa chipseti ya Pentium 4 inayotumia SDRAM ya kawaida, polepole kabisa, na watu wakainunua kwa wingi. Januari 2002 ikaja ya DDR. Mwaka 2003 DDR ya vipande viwili kwa pamoja ilifikisha gigabaiti 6.4, na RDRAM ikatoka kwenye kompyuta za mezani.

Kama hadithi ingekuwa ya kasi na bei tu, hisa ya Rambus ingekufa hapo. Lakini Januari 2000 kampuni ilikuwa imeanza mchezo mwingine. Iliishtaki Hitachi, ikidai kwamba hata SDRAM ya kawaida na DDR zinatumia uvumbuzi uliomo kwenye maombi yake ya hataza ya mwaka 1990. Yaani ashinde RDRAM, ashinde DDR, Rambus inalipwa. Juni 2000 Toshiba ilikubali leseni na Hitachi ikamaliza kesi. Kabla ya mwaka kwisha Samsung, NEC na wengine wakafuata. Viwango vilivyotajwa mahakamani vilikuwa 0.75% kwa SDRAM na 3.5% kwa DDR.

Tazama tofauti ya namba hizo mbili. Kwa kumbukumbu za dola 100, SDRAM ililipa senti 75 na DDR dola 3.50. Rambus iliitoza DDR kiasi hicho ili isiwe nafuu sana kuliko RDRAM. Kwa mnunuzi wa hisa, 3.5% ya soko la dola bilioni 30 ni zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Hisa ilikuwa imegawanywa nne kwa moja mwezi huo wa Juni, na bei ikapanda hadi juu ya dola 100 kwa hisa mpya, sawa na zaidi ya 400 za zamani. Kwa mwenye kiwanda hesabu ilikuwa nyingine. Katika biashara ambayo miaka mibaya faida haipo kabisa, 3.5% ya mauzo ni kodi ya mtu asiyeweka hata tofali moja.

Infineon ya Ujerumani ilikataa kulipa. Agosti 2000 Rambus iliishtaki huko Richmond, Virginia, na Mei 2001 kesi ikaigeukia. Kati ya 1992 na 1996 Rambus ilikuwa mwanachama wa JEDEC, chombo ambamo kampuni hukubaliana viwango vya kumbukumbu, na baraza la wazee wa mahakama likaona ilifanya udanganyifu kwa kukaa kikaoni bila kusema kwamba inaandaa hataza juu ya kinachojadiliwa. Fidia iliishia dola 350,000 tu kwa sababu ya ukomo wa sheria ya Virginia, lakini fidia haikuwa na uzito. Uzito ulikuwa ile 3.5%. Mwaka 2002 hisa iliyokuwa juu ya dola 100 iliuzwa chini ya dola 5.

Januari 2003 mahakama ya rufaa ikafuta hukumu ya udanganyifu. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani nayo ilifungua shauri mwaka 2002 na mwaka 2006 ikaamua kwamba Rambus ilijipatia ukiritimba kinyume cha sheria, kisha mwaka 2007 ikapunguza mrabaha wake hadi 0.25% kwa SDRAM na 0.5% kwa DDR kwa miaka mitatu, baada ya hapo sifuri. Mwaka 2008 mahakama ikaifuta amri hiyo pia. Upande wa pili, Wizara ya Sheria ya Marekani iligundua kwamba wenye viwanda walikuwa wamekula njama kupanga bei za DRAM kati ya 1999 na 2002. Walikiri na kutozwa faini: Samsung dola milioni 300, Hynix milioni 185, Infineon milioni 160, Elpida milioni 84. Watetezi wa Rambus walizipokea habari hizo kama ushahidi wa walichokuwa wakikisema siku zote, kwamba RDRAM iliuawa kwa makusudi. Rambus ikaenda mahakamani San Francisco ikidai dola bilioni 3.95 kutoka kwa Micron na Hynix. Novemba 16, 2011 baraza la wazee wa mahakama likakataa, na siku hiyo hisa ikashuka kwa zaidi ya nusu, kutoka kama dola 18 hadi kama 7.

Sasa tujumlishe kilichopatikana. Samsung ilimaliza ugomvi mwaka 2010 kwa dola milioni 900, milioni 200 kati ya hizo zikiwa za kununua hisa za Rambus. Hynix mwaka 2013 ilikubali milioni 240 kwa miaka mitano, na Micron mwishoni mwa mwaka huo milioni 280 kwa miaka saba. Jumla bilioni 1.42, iliyolipwa kidogo kidogo hadi mwaka 2020, kabla ya kutoa ada za mawakili. Soko lilikuwa limeipa kampuni hii karibu bilioni 10 mwaka 2000, likitarajia bilioni 1 kila mwaka. Kwa maoni yangu Rambus ilikuwa na haki zaidi kisheria kuliko wapinzani wake walivyokiri, na bado aliyenunua hisa zake alikuwa amekosea. Ilichukua hadi mwaka 2025 hisa hiyo kuvuka tena dola 100, na katika miaka hiyo yote haijawahi kulipa gawio. Kampuni yenyewe siku hizi inauza chipu halisi. Mwaka 2024 mapato yake yalizidi dola milioni 550, na bidhaa zake kubwa ni chipu za kuratibu data kwenye vipande vya DDR5, ukoo uleule wa DDR.

Mwaka 2015 hesabu ilijirudia kwa jina jingine. Intel na Micron walitangaza 3D XPoint, iliyouzwa kama Optane, wakidai ina kasi mara 1,000 ya kumbukumbu za flash na haipotezi data umeme ukikatika. Ilikuwa nafuu kuliko DRAM na ghali kuliko flash, na hizo mbili ziliendelea kushuka bei kila mwaka, moja ikiibana kutoka juu na nyingine kutoka chini. Micron ilijitoa mwaka 2021 na kuiuzia Texas Instruments kiwanda chake cha Utah kwa dola milioni 900. Intel ilifunga Julai 2022 na kufuta mali ghalani ya dola milioni 559.

Mjadala wa leo ni HBM, kumbukumbu inayopangwa ghorofa kwa ghorofa kando ya chipu za akili bandia za Nvidia. Hapa namba zinafurahisha. HBM3 ina njia 1,024, na kila moja inapitisha gigabiti 6.4 kwa sekunde, jumla gigabaiti 819. DDR5 ya daraja la 6400 ina njia 64, kila moja gigabiti 6.4 hizohizo, jumla 51.2. Tofauti ni mara 16, na yote ni ya upana. Hakuna njia inayokimbia kuliko mwenzake. Rambus ilitaka njia chache zenye kasi, na sekta ikaishia kuongeza njia. HBM ilikuwa na mpinzani wake, HMC ya Micron, iliyoachwa mwaka 2018. Micron ilirudi nyuma, ikajifunza HBM, na sasa inaiuza.

Faida zake si za kufikirika. SK hynix ya Korea Kusini, ile Hynix ya kesi za Rambus, ilipata hasara ya uendeshaji ya won trilioni 7.7 mwaka 2023. Mwaka 2024 ikapata faida ya won trilioni 23.5. Mei 2024 ilisema HBM yake ya mwaka huo imeshauzwa yote, na ya 2025 karibu yote. Kambi moja ya wawekezaji inasoma habari hizo na kusema enzi ya kupanda na kushuka kwa bei za kumbukumbu imekwisha. Inaongeza kwamba, kwa maelezo ya Micron, HBM hula eneo la silikoni mara tatu ya DDR5 kwa idadi ileile ya biti, kwa hiyo kila kiwanda kinachohamia HBM kinapunguza RAM ya kawaida na kupandisha bei yake. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuifunga Crucial, biashara yake ya kuwauzia watu binafsi. Mwenye duka la kompyuta Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, hauzi HBM, lakini RAM anayouza hutoka kwa watengenezaji haohao, na foleni yake sasa iko nyuma ya Nvidia.

Teknolojia naiamini, bei za hisa siziamini. Tofauti na RDRAM, HBM inatengenezwa na wote watatu wakubwa, Samsung, SK hynix na Micron, kwa hiari yao, na mnunuzi analipa bila kulalamika. Hilo ndilo linalonitia shaka, maana wote watatu wanajenga kwa wakati mmoja. Micron peke yake imetangaza kiwanda cha dola bilioni 15 huko Idaho na mpango wa hadi bilioni 100 kwa miaka 20 huko New York, na SK hynix bilioni 3.87 huko Indiana. Kiwanda huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa chipu ya kwanza, wakati oda zilizotangazwa zilihesabiwa kwa mwaka mmoja au miwili. Mara ya mwisho wanunuzi wa hisa walipokuwa na uhakika wa namna hii, mauzo ya DRAM duniani yalishuka kwa zaidi ya nusu kati ya 2000 na 2001.